Nyama Iliyo Chini ya Wali

Mtu mmoja alikuwa na sufuria kubwa ya pilau, na wageni wengi, na hakujua nyama ilipo.

Msicheke mapema. Mtu asiyejua nyama ilipo katika shughuli yake mwenyewe ana hali ngumu kuliko mgonjwa. Mgonjwa angalau huletewa machungwa.

Mtu huyo aliitwa Mcha, na siku hiyo alikuwa anamwoza binti yake, Kazija. Nikahi ilikwisha somwa msikitini, na sasa upande wa bwana harusi ulikuwa umekaa chini ya turubai, makundi makundi, kila kundi likingoja sinia lake. Mbele kabisa alikaa Pandu, baba wa bwana harusi, katika kanzu iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Pandu hakuja kula. Alikuja kuangalia.

Alikuwa na sababu. Miaka mingi nyuma, katika hitima ya baba yake Mcha, Pandu alikalishwa kwenye sinia pamoja na wenzake. Adabu ya sinia mnaijua: kila mtu hula mbele yake. Hurushi mkono ukachimba kwa jirani, wala hulizungushi sinia kama usukani wa lori. Pandu ni mtu wa adabu. Akala mbele yake, akachimba mbele yake, akafika kwenye bati, akajiona uso. Nyama hakuikuta. Nayo ilikuwamo, upande wa pili, na aliyekaa upande wa pili alikuwa akiila kwa heshima kubwa na kwa kimya kikubwa zaidi. Pandu akanawa, akatoka, akasema mtaani kwamba Mcha kamsomea baba yake hitima kwa wali mtupu. Mcha, aliyekuwa amesimama kwenye sufuria siku ile akipakua kwa mkono wake, akaapa mbele ya watu kwamba kila sinia lilikuwa na nyama. Na wote wawili walisema kweli. Kila mmoja alisema kweli ya pale alipokuwa.

Tangu hapo nyumba hizo mbili hazikusalimiana, mpaka watoto wao walipofanya ujinga wa kupendana. Na asubuhi ya harusi Kazija alimwita baba yake pembeni, hina mikononi haijakauka vizuri, akamwambia, "Baba, leo usiape. Leo hakikisha." Alijua anakokwenda. Pandu akichimba tena mbele yake akakosa, atasimama. Akisimama, wote watasimama. Na yeye Kazija ataishi katika nyumba ambayo kila mlo, mpaka azeeke, utaanza na habari za wali wa baba yake.

Basi Mcha alihakikisha. Alinunua nyama, akaiona, akaishika. Akamwita mpishi Vuai, fundi wa sufuria kubwa, mtu ambaye akifika wakati wa kupanga nyama ndani ya wali humfukuza kila mtu jikoni, mwenye shughuli akiwa wa kwanza. Wapishi wengine huilaza nyama chini kabisa. Wengine huirundika katikati. Wengine huisambaza mpaka ukingoni. Vuai alikuwa na njia yake, na njia yake ilikuwa siri yake. Alipomaliza alifunika, akapalia makaa juu ya mfuniko, na hapo hapo wakaja kumwambia mkewe kashikwa na uchungu. Vuai akatoka mbio, akaitupa aproni mlangoni. Wakampigia simu wamwulize nyama kaiweka wapi. Simu ikaita kwenye mfuko wa aproni.

Na pilau likishapaliwa halivurugwi. Ukilivuruga wali unakatika, unapata uji wenye viungo.

Kwa hiyo waliobaki kwenye sufuria walikuwa watatu: Mcha, mkewe Bi Mize, na kaka wa mkewe, Shaame, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuwa na shaka juu ya jambo lolote. Shaame aliokota mwiko, akagonga ubavu wa sufuria mara kadhaa, akatega sikio kama daktari.

"Nyama imejaa chini kotekote, shemeji. Sikia inavyoitika."

"Hayo yanayoitika ni mafiga," Mcha akasema.

"Mafiga hayaitiki hivyo."

"Uliyapiga lini ukayajua?"

Bi Mize alishika sikio moja la sufuria kwa kitambaa, akaiinua kidogo, akaenda upande wa pili akainua tena. "Uzito uko upande wa ukuta, Baba Kazija." Mcha akainama akatazama. Figa la upande huo lilikuwa limezama kwenye mchanga, na sufuria yote ilikuwa imeegemea. Labda ukutani ndiko kwenye nyama. Labda ukutani ndiko kwenye kuegemea. Isitoshe, vijana waliobeba nguzo ya turubai walikuwa wameigonga sufuria walipokuwa wakipita. Ikayumba, ikatulia, au ilionekana imetulia. Ndani kwake nani ajuaye nini kilihamia wapi, na kama kimemaliza kuhama?

Wakaondoa makaa, wakafunua. Mvuke ukatoka, na harufu, na chini ya turubai watu wakanyamaza wote kwa pamoja, kama darasa mwalimu anapoingia. Wali ulikuwa umeinuka katikati, mgongo wa kobe.

"Si nilisema!" Shaame akaruka. "Nyama ipo katikati."

"Ulisema chini kotekote."

"Chini kotekote, hapo katikati!"

Lakini Mcha alikuwa ameushika mfuniko mkononi, na mfuniko wenyewe ulikuwa umebinuka kwa juu, mgongo wa kobe vile vile. Wali ulikuwa umefuata nyama, au umefuata bati? Akachukua kisahani, akachota ukingoni kwa uangalifu. Mapande mawili, mazuri. Shaame akaanza kuhesabu kwa vidole: kisahani kimoja mapande mawili, visahani mia, watu watakula wabebe na za paka. Dada yake akamkata. "Hivyo visahani mia umevipimia wapi, na sufuria nusu yake imezama kwenye shimo la moto? Na nani kakwambia katikati kukoje kama ukingoni?"

Hilo lilikuwa swali. Mcha akageuza mwiko, akaupeleka mpini katikati ya wali taratibu. Ukagonga kitu kigumu. Akausogeza; kigumu tena. Akakumbuka kwamba Vuai ametia na mbatata, nyingi, na nyingi kati ya hizo hukusanyika katikati. Kwenye ncha ya mpini, chini ya wali, mbatata na pande la nyama vina tabia moja.

"Basi vuruga!" Shaame akasema. "Vuruga tujue moja!"

"Tutajua nyama iko wapi, na hakutakuwa na pilau."

"Basi niende nikawatangazie. Niseme nyama tele, kila mtu mapande matano. Nikisema mimi wataamini."

Wangeamini. Shaame alikuwa na sauti ya kuaminiwa, tatizo lake lilikuwa mengine yote. Na Mcha alijua jinsi ilivyo rahisi, maana siku ya hitima alifanya hivyo hivyo: alisema kwa nguvu jambo ambalo hakulijua lote. Akavua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena. Halafu akakunja mikono ya kanzu mpaka juu ya viwiko, kama mtu anayekwenda kusukuma gari, akatoka mpaka mbele ya Pandu.

"Nyama imo," akamwambia, na turubai zima likasikia. "Ilipo, sijui vizuri. Nitapakua huku nikijifunza, na kosa langu lolote litaishia kwenye sinia la mwisho, na sinia la mwisho ni langu."

Pandu akauliza, "Na likitoka bila nyama?"

"Nitakula wali mtupu, mbele yangu, mkinitazama."

"Basi tutakula sinia hilo pamoja," Pandu akasema. "Nataka kuona kwa macho yangu."

Mcha akarudi kwenye sufuria, akapiga bismillahi, akaanza. Kwa kila sinia alichota ukingoni, akachota nusu ya njia, akachota katikati, na kila mara alizamisha kisahani mpaka kikagusa chini. Na alichokipata alikitaja kwa sauti. "Ukingoni, mapande mawili. Nusu ya njia, matatu. Katikati, mbatata, mbatata, na hiki sijui ni nini, kitajulikana mdomoni." Watu wakacheka. Alipofika upande wa ukuta, ule ambao Bi Mize aliupima na kuuona mzito, kisahani cha kwanza kikatoka wali mtupu. Cha pili vile vile. Mcha akanyoosha mgongo.

"Upande wa ukuta tulikosea," akatangaza. "Uzito ulikuwa wa kuegemea."

"Shemeji!" Shaame akanong'ona, na mnong'ono wake ulifika mpaka barabarani. "Usiseme kwa sauti!"

"Nikisema kimya itaongezeka?"

Akabadili mpango. Sinia lililokuwa lipate kutoka ukutani likapata kutoka ng'ambo. Kila lililotoka lilimfundisha kidogo juu ya lile linalofuata. Hakuna lililotoka bila nyama, lakini mengine yalipata chache, na sufuria ilikuwa inashuka, na bado hakuwa na uhakika wa kilichobaki.

Ndipo Pandu akasimama. Kazija, aliyekuwa akichungulia kupitia pazia la ndani, akaliuma pazia. Lakini Pandu hakwenda mlangoni. Alikwenda kwenye sufuria, akasimama upande wa pili, uso kwa uso na Mcha, moshi katikati yao.

"Hapo ulipo huoni," akasema. "Ukichota huko kwako, wali wa pembeni kwako unaporomoka wote. Huku kwangu hauporomoki. Kuna kitu kinaushika."

"Labda ni mbatata."

"Labda. Nipe kisahani."

Wakachota wawili, kila mmoja kwa upande wake, wakiambizana. "Kwangu moja." "Kwangu hakuna." "Njoo kidogo kulia." Shaame alitaka kutoa maelekezo, dada yake akampa birika akanawishe watu.

Niwaache hapo hapo wamesimama na visahani, maana nina neno.

Sisi sote tumekaa ndani ya sufuria. Ule ukanda mweupe unaouona angani usiku usio na mbalamwezi ni galaksi yetu, wali wake ni nyota, na jua letu ni punje moja, si ya katikati wala si ya ukingo kabisa. Wanaopima mwendo wa nyota wameona kwamba zile za mbali na kitovu zinazunguka kwa kasi ambayo uzito wa vyote vinavyoonekana hauwezi kuihimili. Zingetawanyika zamani. Kuna kitu kinazishika, kingi kuliko nyota zote, hakitoi mwanga wala kivuli. Wanakiita maada ya giza. Kuwapo kwake wengi hawakubishii. Kimelala vipi, hapo ndipo penye shughuli. Kimerundikana katikati, au kimesambaa sawasawa? Katikati kumejaa nyota na gesi, na kutenganisha uzito wao na uzito wa kile kisichoonekana ni kazi ya mpini gizani, kati ya mbatata na nyama. Ukichota hapa karibu na jua, unajua ya hapa. Kina cha sufuria nacho hatukijui sawasawa, na ukikosea umbali, umekosea na uzito. Tena kuna galaksi ndogo ya jirani inayopita karibu na kuitikisa yetu, ilhali hesabu nyingi zilianza kwa kudhani sufuria imetulia. Ndiyo maana wapimaji waaminifu wakipima uzito wa galaksi yote, mmoja anaweza kupata karibu mara mbili ya mwenzake. Si kwa kuwa mmoja ni mjinga. Mmoja alitazama mgongo wa wali, mwingine aliinua sikio la sufuria.

Na hakuna wa kuivuruga galaksi ili tujue moja. Na hakuna simu ya mpishi.

Kuna anayesikia hivyo akasema, basi hawajui kitu, waache. Huyo mwenyewe hajawahi kulisha watu. Wageni wamekaa, mvuke unatoka, lazima upakue. Unachota, unasema ulichokiona na usichokiona, unakosea ukutani mbele ya watu wote, unabadili mkono, unachota tena. Kutojua hakukupi ruhusa ya kukaa chini. Kunakupa ruhusa moja tu, ya kukunja kanzu zaidi.

Turudi. Sufuria ilikwisha. Mcha na Pandu waliikwangua mpaka kwenye ukoko, wakamimina kilichobaki kwenye sinia la mwisho, na kama ilivyo desturi ya wali, ulipofika siniani ukakifunika kila kilichokuwamo. Hata wao waliochota hawakujua. Wakalibeba mpaka katikati ya turubai, wakakaa: Mcha huku, Pandu ng'ambo, bwana harusi Silima kushoto. Upande wa kulia ulikuwa mtupu, na Shaame, ambaye hakualikwa, akauona utupu ule akauhurumia, akakaa.

Makundi mengine yaliacha kula. Mcha akala mbele yake, taratibu, wali mtupu. Akachimba kidogo, wali. Pandu akala mbele yake, akachimba, na vidole vyake vikaanza kulikaribia bati, na kila mtu aliyekumbuka hitima ile aliona nyusi zake zikipanda. Nyuma ya pazia Kazija alifumba macho. Vidole vikafika. Bati likalia.

Mcha angeweza kuapa. Kiapo kilikuwa tayari kwenye ulimi. Nyama ile aliinunua, aliishika, aliichota kwa mkono wake. Akakimeza.

"Kwangu hakuna," akasema, wazi, mbele ya wote.

Pandu akakung'uta vidole juu ya sinia. Halafu naye akasema, kama mtu anayetua mzigo, "Na kwangu hakuna."

"Kwangu kuna mfupa," akasema Silima.

Wote watatu wakageuka kulia. Shaame alikuwa amekaa wima, mashavu yamejaa, hatafuni, macho kwenye turubai kama mtu anayekagua kama linavuja. Koo lake likapanda, likashuka kwa taabu.

"Huku zipo," akasema.

"Ngapi?"

"Zilikuwa nyingi zaidi."

Pandu hakucheka mara moja. Alimtazama Shaame, akamtazama sana, kana kwamba anaitafuta sura aliyoiona zamani kwa upande mmoja tu. "Wewe Shaame," akasema polepole, "siku ya hitima ya marehemu, ulikaa wapi?"

Shaame akarudi kukagua turubai.

Na hapo Pandu akacheka, kicheko cha miaka yote ile kwa mkupuo mmoja, mpaka kanzu ikapoteza pasi. Akanyoosha mkono wake, akavuka adabu yote ya sinia, akachukua pande kutoka mbele ya Shaame, akalikata, nusu akaiweka mbele ya Mcha.

Basi wewe unayechimba mbele yako mpaka kwenye bati kisha ukaapa kwamba hakuna, na wewe uliyeshiba upande wa pili ukanyamaza, ni lini mtakaa sinia moja mkaambizana mnachokiona?